Kigoda Kilicholala

Ijumaa, Aprili 1979. Kakuma.

Saa kumi, na jua bado linachapa kama lina kesi na mtu. Upepo unaleta mchanga mpaka kwenye ncha ya kalamu, kwa hiyo daftari, ukiona herufi zinakwaruza usinilaumu. Mwandiko wangu unajulikana Lodwar nzima.

Nimekaa barazani pa duka lililofungwa. Mwenyewe amelala ndani, ameniruhusu kivuli mradi nisipige mluzi.

Hali yangu? Mtu akiniuliza nitasema ejok, njema, kama kila mtu wa huku anavyosema. Na hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Wacha niieleze pole pole, maana leo sikuja kujisifu.

Haya, kidogo tu.

Kwanza ieleweke kwamba mimi Lokwang nina akili. Naisema kama vile mtu anavyosema Lodwar kuna joto. Shule niliiacha Form Two, au yenyewe iliniacha. Tulikosana na mwalimu wa hesabu kuhusu ni nani kati yetu anajua hesabu. Miaka miwili sasa niko na ofisi ya kupima mito, chini ya Injinia Barasa, mtu wa Bungoma, mwenye digrii ya ng'ambo na kitambaa cha kufutia jasho. Digrii ameitumia mara chache. Kitambaa hakipumziki.

Mito yetu ilimchukua muda kukubali kwamba inaitwa mito. Laga ya Tarach, hii ya hapa Kakuma, ni mchanga mtupu kwa wiki nyingi, mbuzi wanalala katikati. Halafu mvua inyeshe mbali milimani, huku mbingu ni safi kabisa, na maji yanakuja yamebeba miti. Baada ya masaa, mchanga tena. Mara nyingine maji ni madogo, mchanga unayanywa yote njiani, na watu wa mjini hawajui kama yalikuja. Ofisi inataka kujua mambo mawili: yalikuja lini, na yalifika wapi.

Aliyekuwa anajua hayo ni Mzee Ekiru.

Boma lake liko upande wa juu wa mto, mwendo wa nusu saa kutoka mjini, kwenye kona ambapo ofisi ilisimamisha nguzo yenye alama nyekundu. Mzee hukaa ukingoni kwenye kigoda chake, kile kidogo cha mti cha kuketia na kuegemeza kichwa, anatazama nguzo na anaandika kwenye daftari la serikali. Nasema anaandika. Shule hakuiona hata kwa mbali. Anachora.

Mwaka jana Injinia alinituma nije nimfundishe kujaza daftari, kwa sababu kurasa zake zilifika Lodwar karibu tupu. Nilikuja na tai. Ndiyo, tai, kwenye mchanga, na mbuzi mmoja alijaribu kuila. Nikamwonyesha Mzee zile nafasi tupu, nikamwuliza kwa sauti ya ofisi: hapa mbona hakuna kitu?

"Hakuna kitu kwa sababu hakuna kitu," akasema. "Mto ejok. Sasa nichore nini?"

Maji yakija anachora wimbi. Wimbi moja, alama ya kwanza. Mawimbi mawili, alama ya pili. Na mahali fulani katika kurasa hizo niliona kitu kingine, kigoda kidogo kimelala ubavu. Siku tano mfululizo, vigoda vitano vimelala.

"Hii je?"

"Siku hizo nilikwenda Lokitaung kuzika ndugu yangu. Sikukaa hapa. Maji yalifanya nini, mimi sijui."

Daftari, yashike hayo matatu, utayahitaji: nafasi tupu, wimbi, kigoda kilicholala.

Miezi michache baadaye Injinia akapata mashine yake. Ni kisanduku cha bati, na ndani kuna chipu nyeusi kama jongoo mdogo, miguu pande zote mbili na mgongoni kidirisha cha kioo. Hiyo chipu ni kompyuta nzima. Nilipoambiwa nilicheka, halafu nikaomba niishike. Programu unaichoma ndani kwa mashine nyingine tuliyo nayo ofisini. Ukikosea unaifuta kwa mwanga unaopita kwenye kile kidirisha. Nairobi wana taa maalum ya kazi hiyo. Ya kwetu ilivunjika kwenye gari likitoka Kitale, kwa hiyo tunaiweka chipu juu ya paa, na jua la Lodwar linaifuta kwa muda wa wiki. Kwa mara ya kwanza hilo jua lina kazi ya maana.

Programu nilijifunza kuziandika kwa kumchungulia Injinia begani, mpaka siku moja nikamwonyesha kosa lake. Hakunifukuza. Alinipa kiti. Mwalimu wa hesabu angejifunza kitu hapo.

Sasa tatizo. Ndani ya chipu, sehemu ya kuandikia namba ina vyumba sitini na nne. Sitini na nne tu! Wewe daftari una mistari mingi kuliko hiyo katika kurasa tatu. Na nusu ya vyumba inatumiwa na programu yenyewe kwa mambo yake. Vinabaki thelathini na viwili vya mto. Kila chumba kinalala namba moja, kuanzia sifuri mpaka mia mbili hamsini na tano, basi.

Gari la ofisi linakwenda Kakuma mara moja kwa wiki. Wiki ina masaa mia moja sitini na nane. Mashine inapima maji kila saa. Piga hesabu mwenyewe.

Injinia aliweka kila saa kwenye chumba chake. Vikajaa kwa siku moja na masaa manane. Akagawanya kila chumba kwa ukuta katikati, namba mbili ndogo zikalala pamoja. Havikufika siku tatu. Alifuta jasho wiki mbili. Mimi nikamwambia, "Injinia, kwani ni lazima mashine iandike ejok kila saa?"

Akaniuliza nina maana gani. Nikachukua chaki. Chumba cha kwanza, mashine ihesabu masaa ambayo mto haukubadilika, ihesabu tu, isiandike kitu kingine. Maji yakibadilika, chumba kinachofuata kiandikwe yamefika wapi. Halafu hesabu mpya. Yaani ukikuta tisini, halafu mbili, unasoma: masaa tisini ejok, kisha maji alama ya pili. Vyumba viwili badala ya tisini na kimoja. Kwa wiki nzima tuna nafasi ya mabadiliko kumi na sita, na Tarach haijawahi kuwa na haraka hiyo.

Injinia alinitazama kama mtu aliyesalimiwa na ng'ombe.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Kichwani."

Kichwani.

Nililisema hilo neno bila hata kukohoa. Nikalisema tena kwa dada Rose anayepiga taipu ofisini, kwa dereva, na kwa kila mtu anayekunywa chai pale karibu na daraja la Turkwel, hata wasiojua chipu ni nini. Mzee Ekiru sikumtaja. Nilijiambia kwamba yeye alichora tu kwa sababu hajui kuandika, na mimi ndiye niliyegeuza uvivu wake kuwa sayansi.

Na kigoda kilicholala? Nilikiweka, nakuapia. Programu ya kwanza ilikuwa na alama ya "sijui". Mashine inapima kwa boya lililo ndani ya bomba, na waya unaleta habari ya boya kwenye kisanduku. Waya ukikatika, kisanduku kinasoma mia mbili hamsini na tano, yaani maji yamepita juu ya mikoma na yanaelekea Sudan. Namba ya kipuuzi kama hiyo ikija, mashine iandike "sijui".

Tukaijaribu kwenye pipa nyuma ya ofisi. Plagi ilikuwa imelegea, siku ya upepo, waya unashika na kuachia. Sijui, ejok, sijui, ejok. Kufika kesho yake asubuhi vyumba vyote vimejaa. Injinia akashika kichwa.

Mtu mwenye akili angekaza plagi.

Mimi niliitoa "sijui". Niliiambia mashine kwamba namba ya kipuuzi ikija, iipuuze, ihesabu ejok na kuendelea. Vyumba vikatosha wiki nzima, vingine vikabaki. Injinia akanipiga bega, nami sikumweleza nimefanya nini, na yeye kwa furaha hakuuliza. Baadaye akaniambia kuna kozi Nairobi, miezi mitatu, na anataka kuandika barua wanichukue. Ile tai niliitoa sandukuni nikaipiga pasi.

Tumefika Jumatatu hii.

Tulikuja Kakuma, Injinia, dereva na mimi, kusoma kisanduku tulichokifunga wiki iliyotangulia kwenye nguzo ya Mzee. Kisanduku kina taa nane na kitufe. Ukibonyeza, taa zinakuonyesha chumba kimoja baada ya kingine. Chumba cha kwanza: mia moja sitini na nane. Vingine vyote sifuri. Wiki nzima mto haukucheza. Halafu Injinia akafungua daftari la Mzee, na Jumamosi kuna mawimbi mawili.

"Mzee, hapa umechora maji mpaka alama ya pili."

"Ndiyo. Yalikuja mchana, jioni yakaisha."

"Mashine inasema hayakuja."

Mzee alicheka. Alidhani ni utani wa watu wa ofisi. Halafu akaona hakuna mwenzake anayecheka.

"Hiyo mashine," akauliza, "ilikuwa inakaa wapi?"

Kulikuwa na wachungaji watano sita waliokuja kutazama gari. Nami, unanijua nikiona watu. "Mzee," nikasema, "mashine haikai. Ndiyo maana haisinzii."

Wakacheka. Nilicheka kuwashinda.

Injinia aliangalia mchanga, lakini siku mbili za upepo na nyayo za mbuzi hazikuacha kitu cha kuangaliwa. Maji yenyewe yalikuwa madogo, hayakufika mjini, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuuliza. Au alikuwepo, na hatukumuuliza. Ya nini? Tulikuwa na taa nane. Injinia si mtu mbaya, ila alikuwa amechoka, na mtu anayechora maji ambayo hayakuja ameharibu kazi ya miaka. Akachukua daftari, akasema, "Mzee, utapata barua."

Mzee Ekiru, asiyesoma, atapata barua. Alisimama na mikono mitupu, kidole gumba bado kimeshika pale daftari lilipokuwa.

Kisanduku tulirudi nacho Lodwar kwa ajili ya betri, dereva akiwa ameukunja waya wake bila mtu kuutazama. Juzi Jumatano nilikifungua mezani, nikiwa peke yangu, nikiimba. Nikavuta waya wa boya. Ukaja mfupi.

Meno. Meno ya mbuzi, yale madogo, ukiyajua huwezi kuyakosea. Ngozi ya waya imetafunwa, na ndani shaba imekatika safi. Kipande kingine kilibaki Kakuma na bomba lake.

Niliwasha kisanduku hivyo hivyo na waya wake uliokatika, nikakaa nacho masaa matatu. Sikwenda hata kunywa chai. Baada ya saa ya kwanza taa zilionyesha moja. Ya pili, mbili. Ya tatu, tatu. Ejok, ejok, ejok. Boya halipo, mto haupo, mashine iko juu ya meza Lodwar karibu na kikombe changu, na inaniambia Tarach haijambo.

Sasa nikuandikie nilichofanya baada ya hapo, maana wewe ndiye pekee usiyeweza kunicheka.

Nilichukua utepe mweusi nikafunga ile sehemu yenye meno. Nikaifunga vizuri, kwa mikono ya fundi. Nikakunja waya, nikarudisha kifuniko, nikaenda nyumbani. Nilikula. Nilimwambia mama kwamba Nairobi kuna nyumba ndefu kuliko mikoma mitano iliyosimama moja juu ya nyingine, na akaniuliza maji wanayapandishaje.

Jana asubuhi nilipofika ofisini, dada Rose alikuwa na karatasi kwenye taipu, na nyingine pembeni iliyokwisha. Ile iliyokwisha ilikuwa na jina langu, ya kwenda Nairobi. Nikaisoma kichwa chini. Ilikuwa nzuri, hata mimi nisingejisifu hivyo.

"Lokwang, njoo, wewe msomi," Rose akasema. "Injinia anataka hii ya Kiswahili ili mzee asomewe. Niseme 'ulidanganya ofisi' au 'umekuwa ukidanganya ofisi'? Hiyo ya pili si ni kama kila siku?"

Kidole chake kilikuwa juu ya herufi u.

"Ngoja kwanza," nikasema.

"Ningoje nini? Kuna kosa?"

"Kuna kosa. Ila si la taipu."

Nikaingia kwa Injinia bila kubisha. Nilimwekea waya mezani, nikautoa utepe mbele yake, nikaeleza. Nilitaka kueleza kifupi, lakini kosa langu lilikuwa na mkia: nikisema "sijui" niliitoa mimi, lazima niseme iliingiaje, na nikisema iliingiaje nafika kwa Mzee na vigoda vyake, na nikifika hapo basi "kichwani" imekufa. Nikaiua. Nilimchorea yote matatu kwenye kona ya gazeti lake: nafasi tupu, wimbi, kigoda.

Injinia alipitisha kucha kwenye alama za meno. Jasho lilimtiririka, asilifute.

"Kwa hiyo yule mzee ndiye aliyetupa njia ya kupunguza namba," akasema, "na sisi tukaitumia kumwita mwongo."

"Mimi, Injinia. Wewe hukujua."

"Mimi nina digrii, Lokwang. Kazi yangu ilikuwa kuuliza kama waya ni mzima, au hata kumwuliza mchungaji mmoja." Akainuka, akaenda kwa Rose, akaitoa ile karatasi kwenye taipu kwa mkono wake. Barua yangu ya Nairobi hakuichana. Aliiweka kwenye droo, akaifunga.

"Na Nairobi?" nikauliza. Mdomo wangu huu.

"Sijui," akasema.

Halafu akanipa kazi. Kwanza, chipu juani. Nilipanda paa nikailaza kwenye kifuniko cha bati la majani ya chai, kidirisha kikiangalia juu. Hapo itakaa wiki, mpaka isahau nilichoifundisha. Nitakapoichoma upya, "sijui" inarudi. Na unajua inachukua nafasi gani? Nilihesabu nikiwa huko juu, mabati yananichoma magoti. Waya ukikatika na kubaki umekatika, ni vyumba viwili. Viwili kati ya thelathini na viwili. Nilimtoa mzee wa watu kazini kwa ajili ya vyumba viwili, na vyumba vyenyewe vilikuwa vimebaki.

Plagi nimeikaza pia. Ilichukua dakika moja.

Kazi ya pili: wiki hii ambayo mashine haipo, nikae Kakuma na Mzee Ekiru, tutazame mto pamoja, aniambie cha kuandika. Kama atakubali. "Ukimkuta hataki," Injinia akasema, "usirudi na gari. Kaa mpaka atake." Akanipa daftari la Mzee nilirudishe kwa mikono miwili.

Leo gari limenishusha saa tano. Nilitembea mpaka kwenye kona ya mto. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba, nikaitengeneza, nikaipunguza, nikaitia na neno moja la Kiingereza. Nikamkuta Mzee ukingoni kwenye kigoda chake, anatazama nguzo. Hana daftari, hana kazi, barua anaingoja, na bado anatazama nguzo.

"Ejok?" akasema.

"Ejok," nikajibu.

Hotuba yote iliondoka. Nimesimama na daftari mkononi, waya sijautaja, utepe sijautaja, na nimesema ejok, vizuri kabisa, kama kisanduku cha bati.

Mzee akaningoja. Akatazama mto, akanitazama mimi, akasogeza jiwe kwa mguu ili nipate pa kukaa.

"Haya," akasema, "tumesalimiana. Sasa lete habari."

Daftari, mimi nimezaliwa huku. Nimesema ejok tangu sijaota meno. Nimemsikia nyanya yangu akisema ejok akiwa na homa inayomtetemesha, na wote tukajua ni mlango tu anaufungua, habari yenyewe iko ndani, inakuja. Mtoto mdogo wa Kiturkana anajua kwamba baada ya ejok unangoja. Mimi nikaiandika kwenye mashine kana kwamba ikisemwa, mazungumzo yamekwisha.

Nikamwambia. Waya, mbuzi, utepe, kila kitu. Nilipofika kwenye utepe niliangalia miguu yangu.

Hakukasirika kwa namna niliyojiandaa nayo. Aliuliza ni mbuzi wa rangi gani. Nikasema sijui, nimeona meno tu. "Atakuwa yule mwekundu mwenye sikio moja," akasema, "huyo anakula hata kamba." Akaita jina lake kuelekea boma, kwa sauti ya kumkemea, na mbuzi mwekundu mwenye sikio moja akainua kichwa. Nilitaka kucheka nikaona bado sijaruhusiwa.

Akalichukua daftari. Akalifungua kwenye Jumamosi ile ya mawimbi mawili, akapitisha kiganja juu ya ukurasa. Halafu akanipa penseli.

"Mashine yako, Jumamosi hiyo, ilikuwa inakaa wapi?"

Swali lile lile la Jumatatu. Safari hii nilikuwa na jibu.

"Haikukaa, Mzee."

"Basi chora."

Nikachora kigoda kilicholala, pembeni ya mawimbi yake. Aliligeuza daftari huku na huku.

"Hii ni ngamia amekufa," akasema.

Nikafuta, nikachora tena. Cha tatu ndicho alichokikubali, na hata hicho alikiongezea mguu.

Nilidhani imekwisha. Nikamwomba msamaha, nikamwambia barua haiji, kazi ni yake, na mimi niko wiki nzima chini yake. Akakubali nikae. Halafu akasema jambo ambalo limenileta hapa barazani kuandika badala ya kubaki naye.

"Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua maji yalikuja, niliyaona. Wale pale hawajui."

Alielekeza kidevu upande wa mjini, kwenye visima vya mchangani ambapo watu huteka maji na kunywesha mifugo. Wale wachungaji wa Jumatatu waliubeba utani wangu mpaka huko. Tangu siku hiyo, akipeleka mbuzi kunywa, watoto wanamwuliza, Mzee, leo umesinzia maji mangapi? Mkewe ameacha kwenda asubuhi, anakwenda mchana jua likiwaka, wakati watu hawapo.

Hiyo nayo ni kazi yangu. Hakuna mbuzi aliyenisaidia.

Ningependa kukuambia nilikwenda papo hapo. Nilifika mpaka karibu, nikaona wanawake, watoto, na wawili wa wale wachungaji. Mmoja akaniinulia mkono, ananijua mimi ni yule kijana mcheshi wa ofisi. Nikampungia. Nikapita. Nikaja kukaa hapa na kalamu.

Kwa hiyo usinisifu bado.

Kuna mambo sina majibu yake leo. Nairobi nitakwenda? Sijui. Injinia ataniachia kiti kile? Sijui. Nimeandika "sijui" mara mbili na ukurasa haujajaa.

Nimeamua hivi. Kesho asubuhi, mbuzi wakipelekwa, nitakwenda na Mzee, nimtangulie hatua chache, na tai nitaiacha kwenye begi. Nitangoja wawepo wengi, wale wachungaji pia, na wale watoto wenye mdomo, ambao wananikumbusha mtu. Wataniuliza ejok. Nitajibu ejok, kama kila mtu.

Halafu nitaendelea kusema.